Shangazi Asiyezaa Naye ni Mlezi

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," walisema wahenga, na msemo huo umewafunga midomo watu wengi wasiojaliwa watoto. Shangazi akitia neno kuhusu mtoto wa kaka yake, anajibiwa: wewe hujazaa, utajuaje? Januari ikifika, mtoto yuleyule anashushwa mlangoni kwake Kibiti mjini, na begi na godoro lake, akae hapo asome sekondari. Ukoo uliomnyima kauli ndio huohuo unaomkabidhi mtoto.

Hiyo ndiyo kasoro ninayotaka tuitazame. Shangazi, mjomba, mama mkubwa au baba mdogo asiye na watoto wake akikaa na watoto wa ndugu, anafanya kazi ya malezi iliyo kamili. Kazi hiyo ina faida ambazo mzazi peke yake huwa hazifikii, na ina masharti ambayo familia nyingi huyaacha bila kuyazungumza.

Nyumba zaidi ya moja

Jiografia ya delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, yenyewe inawasukuma watoto kwa ndugu. Mto ukikaribia bahari hugawanyika mikono mingi, na kata kama Salale, Maparoni, Kiongoroni na Msala zimekaa katikati ya mikoko. Safari ni ya boti au mtumbwi, nayo hungoja maji yajae. Kwa wengi wa upande wa kaskazini, njia hupita Nyamisati, kisha gari hadi Bungu kwenye barabara kuu. Mtoto wa huko akifaulu darasa la saba, familia hutafuta ndugu wa bara mwenye chumba. Mwenye chumba mara nyingi ni yule asiye na watoto.

Mwanaanthropolojia Esther Goody, aliyechunguza malezi ya namna hii Ghana na kuchapisha kitabu mwaka 1982, alitenganisha mtoto anayepelekwa kwa ndugu kwa sababu ya dhiki na anayepelekwa kwa hiari ili akalelewe na kufunzwa. Kibiti inawajua wote wawili. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipozamisha nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti, kuhama hakukuwa na mjadala. Lakini mtoto anayekwenda kwa shangazi likizo ya Juni au Desemba yumo katika kundi la pili, na hapo wakubwa wana nafasi ya kukaa na kupanga.

Ng'ambo ya delta, kisiwani Mafia, Pat Caplan alianza utafiti katika kijiji cha Kanga mwaka 1965. Maandishi yake yanaonyesha kwamba mtu wa huko huhesabu ukoo wake kwa upande wa baba na wa mama pia. Mtoto wa ukoo wa namna hiyo ana nyumba nyingi anazoweza kuingia bila kubisha kama mgeni, na mtu asiyezaa hakosi watoto wa kumwamkia.

Mikono ikiwa na kazi

Watu huniuliza: nikiwa na mtoto wa ndugu yangu, nifanye naye nini? Wengi hudhani lazima wawe na fedha za zawadi na matembezi. Jibu langu ni kazi ya pamoja. Mtazame mama mkubwa barazani akisuka ukili. Miyaa imeshachanwa na kutiwa rangi. Anamwanzishia binti, kisha anamwachia mkono. Binti akikosea, ukili unapinda, unafumuliwa kidogo, wanaendelea. Hakuna anayemkazia mwenzake macho, na katika utulivu huo ndipo binti anaposema kwamba hesabu zinamshinda, au kwamba kuna mtu njiani anamsumbua. Angeitwa ndani na kuwekwa kitako, asingesema.

Shambani ni hivyohivyo. Mpunga ukianza kubeba, kuna kazi ya kuamia ndege, na mjomba na mpwa wake hukaa juu ya dungu wakisubiri. Asubuhi na jioni ndege huwa wengi. Mchana kuna nafasi ya mazungumzo. Mjomba hana hofu ya mzazi, wala mtoto hamwogopi kama baba. Faida ya ndugu huyu ni kuwa mtu mzima wa pili, anayeaminika, ambaye habari mbaya zinaweza kumfikia mapema.

Kinachomjenga mtoto zaidi ni kukutana kwa mpangilio. Ziara fupi inayokuja kila mwisho wa mwezi, kama ilivyoahidiwa, inamfaa kuliko sikukuu moja yenye nguo mpya na kimya cha mwaka mzima.

Msaada na unyonyaji

Kazi ya pamoja ina mpaka. Binti anayeletwa "kumsaidia shangazi" huweza kugeuzwa mtumishi asiye na mshahara: maji alfajiri, vitumbua barabarani, daftari usiku wa manane. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, inataka maslahi yake yatangulie, na inakataza kazi za kumnyonya. Kipimo chepesi cha nyumbani ni hiki: kazi inayofanywa na mtoto peke yake huku wakubwa wamekaa, au inayomkosesha shule, si malezi.

Naye mlezi alindwe. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 6 duniani hupata tatizo la kutopata mtoto katika maisha yake, wanaume kwa wanawake. Kumsimanga mlezi mbele ya mtoto kwamba ni mgumba ni kumvunjia heshima anayohitaji ili alee.

Mali na wasia

Jambo linalozua ugomvi zaidi huja baada ya msiba. Wakazi wengi wa delta ni Waislamu, na katika sheria ya Kiislamu kulelewa hakubadili nasaba wala hakumpi mtoto urithi. Mtoto wa kiume wa kaka wa baba mmoja anaweza kurithi kwa nasaba yake pale ambapo hakuna wa karibu zaidi wa kumzuia. Binti wa kaka na mtoto wa dada kwa kawaida hukaa nyuma ya warithi wengine. Mlezi anaweza kumwandikia wasia asiye mrithi, usiozidi theluthi moja ya mali inayobaki baada ya maziko na madeni. Anaweza pia kutoa hiba angali hai, kwa mfano mikorosho yake, akaikabidhi mbele ya mashahidi.

Kwa hiyo, mtoto asihamishwe kwa maneno ya simu tu. Ukoo ukae, na yeye mwenyewe aulizwe. Pasemwe nani ananunua sare na madaftari, nani anakwenda kikao cha shule, atarudi kwao lini, na mlezi ana kauli gani. Anayepewa mtoto apewe na neno lake. Ukoo usioweza kumpa neno hilo usimpelekee godoro.