Ukilipa Korti kwa Simu, Angalia Nambari na Jina

Ndugu yako ameshikwa, hakimu amempa dhamana ya pesa taslimu shilingi 20,000, na saa tisa imeshapita. Jamaa mmoja mliyekutana naye nje ya korti anakwambia, "Nitumie kwa simu yangu, nikulipie chap chap." Usitume.

Pesa za korti, iwe ni dhamana, faini ama ada ya kufungua kesi, haziendi kwa nambari ya mtu binafsi. Mfumo wa Mahakama hutoa nambari maalum ya malipo yako pekee, na hiyo ndiyo unayoweka pale simu inapokuuliza nambari ya akaunti. Isome mara mbili kabla ya kuweka PIN. Tarakimu moja ikikosewa, utaanza kazi ya kufuatilia pesa badala ya kumtoa ndugu yako.

Mbona nambari hiyo ina uzito hivyo? Wengi wetu tunakumbuka habari za "faili haionekani", uambiwe urudi wiki ijayo. Siku hizi malipo, karatasi za kesi na tarehe zake vinashikanishwa kwenye mfumo mmoja. Korti za Nairobi zilianza kupokea kesi kwa mtandao Julai 2020, na Machi 2024 Jaji Mkuu Martha Koome akazindua mfumo huo kwa nchi nzima. Faida yake si kuokoa nauli tu. Kesi ikiwa na tarehe iliyorekodiwa, mtu yeyote anaweza kuhesabu imekaa siku ngapi. Chukua Korti ya Madai Madogo, inayosikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1: sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Bila rekodi, nani angejua kama siku 60 zimepita? Kweli, kompyuta haimfanyi hakimu kuharakisha, na mtandao ukipotea foleni inarudi palepale. Lakini angalau ucheleweshaji unaonekana.

Sasa turudi kwa zile 20,000. Faini ukishalipa imeenda. Dhamana ni tofauti: kesi ikiisha, na mshtakiwa awe alifika kortini kila alipotakiwa, pesa hurudishwa. Akitoroka, korti inaweza kuzichukua. Na zinarudishwa kwa yule aliyeandikwa kwamba ndiye aliyeziweka, si kwa mshtakiwa. Hapa ndipo familia hukosana. Mkichanga watu watatu, kubalianeni mapema risiti itaandikwa jina la nani, kisha mhakikishe jina hilo ndilo lililoandikwa kabla hamjaondoka pale.

Ujumbe wetu wa simu unathibitisha kwamba pesa imetoka kwako. Risiti ya korti ndiyo inayoonyesha imepokelewa kwa kesi gani, na kwa jina la nani. Unahitaji zote mbili. Kesi inaweza kuchukua miaka na simu hupotea, kwa hivyo piga picha ya risiti, mtumie mtu unayemwamini, na ile ya karatasi uiweke vizuri.

Siku ya kurudishiwa ikifika, anaweza kukupigia mtu akidai ni karani, anataka PIN yako "aachilie pesa za dhamana". Kata simu. Karani wa kweli hana haja na PIN yako, na sisi pia hatuiulizi.