Mshauri Anayekubali Kupimwa

Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti kutoka kituo cha ushauri nasaha cha chuo kikuu kimoja nchini Marekani. Washauri wa kituo hicho waliombwa watabiri: kati ya wateja ulionao sasa, nani atamaliza tiba akiwa na hali mbaya kuliko aliyokuja nayo? Wateja wote walikuwa 550. Washauri waliwataja watatu. Dodoso zilipopitiwa mwishoni, waliozorota walikuwa 40, na kati ya wale watatu waliotajwa ni mmoja tu aliyekuwamo. Watu 39 walikuwa wakididimia mbele ya mtaalamu ambaye kazi yake ni kuwatazama, naye hakuona.

Usidhani washauri hao walikuwa wazembe, maana tatizo ni la fani nzima. Mwaka 2012 wataalamu 129 wa afya ya akili waliulizwa wajilinganishe na wenzao. Robo yao walijiweka katika kumi bora wa kila mia, na aliyejiweka chini ya wastani hakuwapo hata mmoja. Hesabu haikubali jambo hilo, ingawa sisi waandishi wa makala tungeulizwa, nina hakika tungejibu vivyo hivyo.

Ukimuuliza mshauri anasimamia maadili gani, orodha huja haraka: utu, heshima, huruma, usiri, kutohukumu. Sina ugomvi nayo. Mengi yaliyomo yamepimwa na watafiti na kuonekana kuwa sehemu ya dawa yenyewe. Lakini kuna moja ambalo ni nadra kutajwa, na bila hilo mengine yanabaki nia njema tu: mshauri akiri kwamba mteja ndiye ajuaye kama tiba inamfaa, amuulize, kisha abadilike kulingana na jibu.

Aliyeyatoa maadili haya kwenye mahubiri akayapeleka kwenye vipimo ni Carl Rogers (1902–1987), mwanasaikolojia wa Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, akiwa Chuo Kikuu cha Ohio State, aliingiza mashine ya kurekodi ndani ya chumba cha ushauri. Santuri za wakati ule zilijaa baada ya dakika chache tu, ikabidi zibadilishwe mfululizo huku mazungumzo yakiendelea. Mwaka 1942 alichapisha tiba nzima ya mteja mmoja, aliyempa jina la bandia Herbert Bryan, kikao kwa kikao, neno kwa neno. Kabla ya hapo dunia ilijua kuhusu tiba ya mazungumzo yale tu ambayo mtabibu aliyakumbuka na kuamua kuyasimulia. Mtabibu mashuhuri Freud, kwa mfano, aliandika habari za wagonjwa wake jioni baada ya kazi. Santuri haimwonei mtu haya. Sasa iliwezekana kuhesabu nani alisema maneno mangapi, nani alimkata mwenzake kauli, na mteja alinyamaza baada ya sentensi ipi.

Katika makala yake ya 1957, Rogers alitaja masharti sita ya mtu kubadilika katika tiba, akadai kwa ujasiri kwamba yanahitajika na yanatosha. Wanafunzi hukariri matatu: mshauri awe mkweli, asijifiche nyuma ya utaalamu wake; amkubali mteja bila masharti; ajitahidi kuuona ulimwengu kama mteja anavyouona. Sharti la sita husahaulika. Linasema kwamba huko kukubaliwa na kueleweka lazima kumfikie mteja, walau kwa kiasi kidogo. Huruma iliyobaki kifuani mwa mshauri haihesabiki.

Dai la kwamba masharti hayo yanatosha halikusimama lote. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 Rogers na wenzake waliyajaribu kwa wagonjwa wa skizofrenia waliolazwa Wisconsin, na matokeo yakawa hafifu kuliko walivyotarajia. Mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii anastahili heshima ileile, ila anahitaji pia dawa na daktari wa magonjwa ya akili.

Kwa vitendo, kazi ya mshauri ni ndogondogo sana. Tuseme mjane ameketi mbele ya mshauri na kusema: "Tangu baba Asha aondoke, nikisonga ugali bado napima unga wa watu wanne." Jirani angemjibu, "Jipe moyo mama, kazi ya Mungu haina makosa." Ni kauli ya upendo, nayo imemaliza mazungumzo. Mshauri ananyamaza kidogo, kisha anasema, "Mkono bado unampimia." Mjane anatikisa kichwa. "Hapana. Mkono unajua. Mimi ndiye sitaki kupunguza." Hapo mshauri amekosea, na hapohapo kikao ndiyo kwanza kimeanza. Asingekisia, mjane asingekuwa na cha kusahihisha. Angeng'ang'ania kisio lake, mjane angeitikia tu "ndiyo" na kuondoka na neno lake moyoni.

Ugumu ni kwamba kwetu anayempelekea mtu mzima jambo lake hutegemea kuondoka na shauri. Shangazi husema la kufanya, somo husema, shehe na mchungaji husema. Anayeulizwa "wewe mwenyewe unaonaje?" saa nzima anaweza kutoka akijiuliza amelipia nini, na ana haki ya kujiuliza. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Edward Bordin aliliweka vizuri suala hili. Uhusiano unaoponya, alisema, unataka mambo matatu: mshauri na mteja wakubaliane wanaelekea wapi, wakubaliane watafanya nini ili kufika, na waaminiane. Kwa hiyo mshauri asiyetoa mashauri anapaswa kueleza kwa nini hatoi. Na mama anayetaka kujua wapi pa kudai matunzo ya mtoto aambiwe, hiyo si dhambi ya kitaaluma.

Ushirikiano huo wa mshauri na mteja umepimwa kuliko karibu jambo lingine lolote katika tiba ya mazungumzo. Uchambuzi wa mwaka 2018 ulikusanya tafiti 295 zenye wagonjwa zaidi ya 30,000 na kukuta uhusiano wa kitakwimu wa takriban 0.28 kati ya ushirikiano na matokeo. Maana yake ni kwamba karibu sehemu 8 kwa 100 za tofauti kati ya waliopona na wasiopona zinakwenda pamoja na hali ya ushirikiano huo. Ni kidogo? Ndiyo, lakini ukilinganisha tiba moja ya mazungumzo na nyingine, tofauti mara nyingi huwa ndogo zaidi ya hapo. Mwanasaikolojia Saul Rosenzweig alishahisi hivyo mwaka 1936, alipoandika kwamba huenda njia mbalimbali za tiba zinaponya kwa yale zinayochangia. Bila shaka mtu anayepata nafuu naye humpenda mshauri wake, ndiyo maana watafiti wakaanza kupima kikao kwa kikao ili kujua kipi kinatangulia. Inaonekana vyote viwili vinavutana.

Jeremy Safran na Christopher Muran, wanasaikolojia wa New York, walitumia miaka mingi kuchunguza nyakati ambazo ushirikiano huo unapasuka. Kuna mteja anayefoka. Kuna mwingine, mgumu zaidi kumgundua, anayekubali kila kitu, anayejibu kwa kifupi, anayechelewa. Kwa maoni yangu huyu wa pili ndiye wa kuangaliwa zaidi Afrika Mashariki. Mwanachuo wa miaka 20 hatamwambia mtu mzima mwenye shahada ukutani, "Hujanielewa." Atasema, "Asante sana daktari, nimeshukuru," na wiki ijayo haonekani. Mshauri ataandika kwenye faili kwamba mteja hakurudi, labda hata kwamba hakuwa tayari kubadilika. Kumbe swali la dakika moja kabla ya kuagana lingetosha: "Leo kuna mahali nimekwenda kombo?" Linafaa kuulizwa zaidi ya mara moja, kwa sababu mara ya kwanza jibu litakuwa la adabu.

Michael Lambert, mmoja wa watafiti waliofanya ule utafiti wa kujilinganisha, hakutaka kutegemea adabu wala macho ya mshauri. Dodoso lake lina maswali 45. Mteja hulijaza kabla ya kikao, na alama zake hulinganishwa na mwendo wa wateja wengine wenye hali kama yake. Akianza kupotoka, mshauri anapewa onyo. Katika majaribio mengi waliokuwa njiani kuzorota walinusurika kwa wingi zaidi pale mshauri alipopewa taarifa hizo. Si kila utafiti uliokubaliana na hayo, na dodoso lenyewe haliponyi mtu: mshauri akilisoma na kuendelea kama jana, mteja amepoteza wino tu.

Kuna swali moja ambalo washauri wengi wapya huliogopa, la kujiua. Hofu yao ni kwamba kuuliza ni kumtia mtu wazo. Mwaka 2005 jambo hilo lilijaribiwa kwa wanafunzi 2,342 wa sekondari katika Jimbo la New York: nusu waliulizwa, nusu hawakuulizwa, na siku mbili baadaye wote wakapimwa. Walioulizwa hawakuwa na mawazo ya kujiua zaidi ya wenzao. Kwa hiyo swali liulizwe, tena kwa maneno ya wazi. Hapa Afrika Mashariki, hata hivyo, linagusa sheria. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba. Kifungu cha aina hiyo kimo pia katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, cha 217. Mteja anayejua hivyo hupima kila neno, na mshauri anayeahidi usiri bila kueleza mipaka yake tangu mwanzo anamwekea mtego bila kukusudia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote haukutoka kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Mwaka 2005 Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, alimpoteza mgonjwa aliyejiua. Familia ilikuwa imekosa nauli ya basi, dola 15, ya kumfikisha hospitalini kwake. Mwaka uliofuata alianza kazi Mbare, mtaa wa watu wa kipato kidogo jijini Harare. Hakupewa wauguzi wala vyumba; alipewa bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa kujitolea, na nafasi ya nje ya kliniki. Wakaweka benchi. Mwanzoni aliliita benchi la afya ya akili, na bibi wakamwambia hakuna atakayekuja kukaa hapo. Wakalipa jina lao, la mahali pa kukaa na kupeana mawazo. Huo ndio ulikuwa mrejesho wa kwanza kwa daktari bingwa, naye akaufuata.

Kikao huanza na maswali 14 ya ndiyo au hapana kuhusu siku saba zilizopita, yaliyotungwa kwa Kishona na kwa namna Washona wanavyoelezea dhiki. Lipo la kuwaza kupita kiasi, lipo la kukosa usingizi, lipo la kutamani kufa. Baadaye mteja hutaja matatizo yake yote, kisha anachagua moja, lile analoona anaweza kuanza nalo, na wote wawili wanatafuta hatua ya kwanza inayowezekana. Bibi haruhusiwi kumchagulia. Mtu mwenye virusi vya UKIMWI, mume aliyemkimbia na kodi ya miezi mitatu anaweza kuamua kwamba ya leo ni kodi.

Jaribio la kisayansi lililochapishwa Desemba 2016 lilihusisha watu 573 katika kliniki 24 za Harare. Baada ya miezi sita, waliopata huduma ya benchi walikuwa na wastani wa alama 3.81 kwenye lile dodoso la maswali 14. Waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa walikuwa na 8.90. Walioonyesha dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 upande wa benchi na 49.9 upande wa pili. Mabenchi hayo sasa yamefika Zanzibar pia.

Kenya nako, timu ya Shamiri iliyoanzishwa na Mkenya Tom Osborn ilichapisha mwaka 2021 jaribio lililohusisha wanafunzi 413 wa sekondari. Waliowaongoza walikuwa vijana waliomaliza shule karibuni, na vikao vilikuwa vinne tu. Sehemu ya kazi ilikuwa kila mwanafunzi kuandika mambo anayoyathamini yeye mwenyewe. Dalili za sonona na wasiwasi zilipungua kuliko kwa kundi lililofundishwa mbinu za kusoma.

Matokeo hayalingani kila mahali. Watoto 640 waliofiwa na wazazi walihusika katika jaribio lililofanyika katika maeneo manne ya Bungoma na Moshi, likachapishwa mwaka 2020, wakihudumiwa na washauri wasio wataalamu. Tiba ilipokwisha, waliohudumiwa walikuwa mbele ya wenzao katika maeneo matatu kati ya hayo manne. Mwaka mmoja baadaye tofauti ilibaki upande wa Kenya. Upande wa Tanzania makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kwa kiwango kilekile. Tiba moja, mafunzo yaleyale, majibu mawili. Asingepima mtu baada ya mwaka, Moshi na Bungoma zingeandikwa ushindi mmoja.

Anayetafuta mshauri leo, akiwa Kenya, anaweza kuuliza kama mshauri huyo amesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014. Popote alipo, aulize pia hili, siku ya kwanza, kabla ya kulipa: "Utajuaje kama sipati nafuu?" Jibu la "usiwe na wasiwasi, nina uzoefu" halitoshi, tumeona uzoefu ulimwona mmoja tu kati ya 40 waliozorota. Jibu la kuridhisha lina vitu vya kushikika: dodoso litakalojazwa, kikao cha ngapi mtaketi kuliangalia pamoja, na jina la mtu au hospitali atakayokupeleka mambo yakigoma.