Wanavyuoni na Masufi wa Uajemi

Leo twaenda Uajemi, mji wa Kerman, Ramadhani ya mwaka 1792. Sufi mmoja, Mushtaq Ali Shah, alikuwa hodari wa kupiga setar, kinanda cha nyuzi. Yasemekana ndiye aliyekiongezea uzi wa nne. Mwanachuoni wa Kishia akawaambia watu kuwa huyu ni kafiri. Wakampiga mawe hata akafa.

Ugomvi ulikuwa wa nini? Si kinanda tu. Wanavyuoni walitaka watu wawafuate wao, waliosoma sheria. Masufi walimfuata shehe wa tarika, ambaye elimu yake, walisema, haikutoka vitabuni. Basi asikilizwe nani?

Mwaka 1834 mambo yaligeuka: mfalme mpya, Muhammad Shah, mwenyewe aliwapenda Masufi. Kaburi la Mushtaq lingalipo Kerman.