SOMO LA SITA: NGOMA IKIWATANGULIA WAIMBAJI

Leo twajifunza kukata sauti katika kompyuta pasipo kuzivuruga. Programu yetu ni Audacity, isiyouzwa, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani. Maelezo haya ni ya matoleo yake ya 3.

Tuseme kwaya yenu imeimba wimbo mmoja mara mbili, nawe umenasa kila mara kwa simu tatu: moja mbele ya sauti za juu, moja kwenye besi, moja karibu na ngoma. Basi una traki sita. Katika wimbo wa kwanza mtu alikohoa karibu na simu ya ngoma. Wewe unachagua kikohozi hicho, sekunde mbili tu, unakifuta. Je, limetokea nini? Ngoma yote iliyofuata imesogea mbele sekunde mbili, na waimbaji wamebaki pale pale. Ukiisikiliza, utadhani mpiga ngoma kalewa. Maskini, hana kosa.

Kwa hiyo, kabla ya kukata chochote, sharti uamue ni traki zipi ziende pamoja.

Kwanza zilinganishe. Ndiyo sababu tulisema mtu apige kofi moja kubwa kabla ya kuimba. Kofi huonekana kama mwiba katika mchoro wa sauti. Ikuze picha, kisha shika kichwa cha kila kipande, ukivute hata miiba mitatu isimame mstari mmoja. Tazama na mwisho wa wimbo pia, kwa kuwa saa za simu mbili hazihesabu sawasawa kabisa. Usijaribu kuulinganisha wimbo wa kwanza na wa pili kwa njia hii: watu hawaimbi mara mbili kwa mwendo ule ule.

Pili, panga mafungu. Weka traki tatu za wimbo wa kwanza juu, na chini yake traki ya lebo, yaani ile ya kuandikia maneno. Kisha traki tatu za wimbo wa pili, na lebo yake chini. Lebo ndiyo mpaka wa fungu. Ukiisahau, programu itazihesabu traki zote sita kuwa fungu moja.

Sasa fungua orodha ya traki, uwashe kitu chenye neno "Sync-Lock". Kwa kawaida kimezimwa. Ukikiwasha kabla ya kulinganisha utahangaika, kwa maana ukivuta traki moja wenzake watafuata. Kikiwa kimewashwa, ukifuta sekunde mbili katika ngoma, sekunde zile zile zitatoka katika besi na sauti za juu. Ukibandika sauti mahali, wenzake watapewa kimya cha urefu huo huo. Fungu la pili halitaguswa.

Lakini angalia: je, unataka waimbaji wapoteze sekunde mbili kwa ajili ya kikohozi? Hapana. Kukata ni kwa mambo kama ubeti uliorudiwa bure. Kikohozi kilicho katika traki moja kinyamazishe tu: kichague, ubonyeze Ctrl na L. Urefu haubadiliki, na ngoma iliyosikika kidogo katika simu nyingine itaziba pengo.

Tena, hifadhi nakala ya kazi nzima kabla ya kuanza. Ctrl na Z hurudisha ulichofuta, lakini ukiisha kufunga kazi huwezi tena kurudi nyuma. Kama mmojawapo wa waimbaji wale ni mzee ambaye hataimba tena, nakala hiyo ndiyo sauti yake.

Kwa zoezi la wiki hii, nasa dakika moja ya mazungumzo kwa simu mbili, kofi likiwa mwanzoni. Futa maneno matatu kufuli likiwa limezimwa, usikilize. Rudisha, liwashe, ufute tena. Kwaherini.