Goma: Mvua inayotisha ndiyo inayojaza bidoni

Mawingu meusi yakikusanyika upande wa Nyiragongo, kila nyumba mjini Goma inajua la kufanya. Nguo zinaanuliwa, watoto wanaitwa ndani, kisha bidoni, ndoo na mabeseni vinapangwa chini ya mabati. Watu wanaogopa na kufurahi kwa pamoja: mvua inayoweza kung'oa bati ndiyo inayoleta maji bila kulipa hata franka moja.

Goma iko kando ya Ziwa Kivu, lakini maji safi ni shida ya siku zote. Mji umejengwa juu ya mawe ya volkano, na mawe hayo hunyonya maji ya mvua upesi. Mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 uliharibu mabomba. Mwishoni mwa Januari 2025, wakati wa mapigano mjini, umeme ulikatika, pampu zikasimama, na watu wengi wakarudi kuchota ziwani, huku wakihofia kipindupindu.

Paa la mita za mraba 30, likipata milimita 10 za mvua, linaweza kutoa hadi lita 300. Hizo ni bidoni 15 za lita 20. Kwa mama au binti anayepanda kutoka ziwani na bidoni mgongoni, ni safari 15 zilizopungua. Ndiyo maana mvua ikikatika, watu hutoka nje wakimshukuru Mungu, hata kama ndani ya nyumba kumelowa. Na mwenye mfereji mzuri kwenye paa lake hamnyimi jirani nafasi ya kuweka ndoo.

Hata hivyo, hakuna anayesahau Kalehe, katika Kivu Kusini, kwenye ufuko wa magharibi wa ziwa hilohilo. Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko la Nyamukubi, mvua kubwa ilifurisha mito na kuporomosha matope na mawe juu ya vijiji vya Nyamukubi na Bushushu. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Serikali ilitangaza tarehe 8 Mei kuwa siku ya maombolezo ya kitaifa.

Hakuna aliyeweza kuiita mvua ile baraka. Waliopona walishukuru kwa sababu ya watu: wanakijiji waliofukua matope kwa majembe na mikono mitupu, wajitolea wa Msalaba Mwekundu waliozika wafu, na wauguzi walioshughulikia majeruhi. Kutoka Bukavu, Daktari Denis Mukwege alituma timu ya Panzi kuwasaidia.

Kushukuru hivyo hakufuti msiba. Aliyepoteza watoto hawezi kuambiwa afurahi kwa kuwa yeye amebaki hai. Lakini aliyepokewa na jirani usiku wa mvua, akapewa nguo kavu na bugali, anajua kwamba hayuko peke yake, na kesho anaamka akiwa na nguvu ya kutafuta mbao na mabati.

Misimu ya mvua kwetu ni kuanzia Septemba hadi Desemba, tena Machi hadi Mei. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba Kabare inaongoza Afrika nzima kwa radi. Kwa hiyo radi ikianza, toka ziwani, usijikinge chini ya mti, ingia ndani ya nyumba imara.

Kuhusu maji, acha mvua ya kwanza isafishe paa kabla ya kukinga, kwa sababu moshi na majivu ya volkano huchafua mabati. Ya kunywa yachemshe au yatie klorini. Na ukiona bidoni zako zimejaa, mgongee jirani aliye kwenye shitingi: yeye hana bati la kukingia.