Mshahara wa Hofu (2): Saa Nzima Las Piedras

Wiki iliyopita tuliishia kwenye riwaya ya Georges Arnaud ya mwaka 1950. Leo tuitazame filamu aliyoitoa humo Henri-Georges Clouzot mwaka 1953, Le Salaire de la peur.

Wako wanaolalamika kuwa inachelewa kuanza. Kweli, kwa karibu saa nzima malori hayajaondoka. Tumo Las Piedras, kijiji cha kubuni cha Amerika ya Kusini (picha zenyewe zilipigwa kusini mwa Ufaransa), pamoja na wageni waliokwama bila kazi wala nauli ya kurudia kwao. Mimi nashikilia kwamba saa hiyo ndiyo inayoibeba filamu yote.

Kisima cha kampuni ya mafuta ya Kimarekani kinashika moto, kama kilomita 500 kutoka hapo. Moto wa namna hiyo huzimwa kwa mlipuko, na kilichopo ni nitrogliserini, kimiminika ambacho mtikisiko tu waweza kukilipua. Kinapakiwa kwenye malori ya kawaida. O'Brien, mkubwa wa kampuni pale, anachagua wasio na chama cha wafanyakazi wala ndugu watakaokuja kudai. Malipo ni dola 2,000 kwa kila dereva, na watu wanazigombania. Sisi tuliokaa nao kijijini hatuhitaji kuuliza kwa nini.

Njiani, muziki karibu haupo. Tunasikia injini, mawe, pumzi za watu. Mlipuko mkubwa kuliko yote hatuuoni kwa karibu: Jo, anayechezwa na Charles Vanel, anasokota sigara, na ghafla tumbaku inapeperuka kutoka kwenye karatasi. Wenzao wa lori jingine wamekwisha. Kisha linakuja dimbwi la mafuta. Mario, yaani Yves Montand, akisimama lori litazama. Jo yumo ndani ya dimbwi, mbele ya magurudumu. Mario hasimami. Hesabu ya O'Brien sasa imeingia moyoni mwa dereva mwenyewe, na hilo linanitisha kuliko nitrogliserini.

Mwaka 1953 filamu hii ilitwaa tuzo kuu Cannes na Berlin pia. Hata hivyo, ilipopelekwa Marekani ilikatwa, na miongoni mwa vilivyotupwa ni vipande vilivyoionyesha vibaya kampuni ya mafuta. Watazamaji wa huko waliachiwa safari ya hatari, wakanyimwa sababu ya kusafiri.