Ujumbe wa kulipia: Mkataba utazamwe kabla ya mgawo

KIZIMKAZI. Mfanyabiashara mdogo wa kusini Unguja anayetaka kukusanya fedha kwa njia ya ujumbe mfupi wa simu wa kulipia hana budi kuuliza zaidi ya asilimia atakayopewa. Maswali yanayoamua faida au hasara ni matatu: asilimia hiyo ni ya nini, fedha zinalipwa lini, na namba ni ya nani.

Huduma yenyewe ni rahisi kuieleza. Mteja anatuma neno fulani kwenda namba fupi, salio lake linakatwa kwa bei ya juu kuliko ujumbe wa kawaida, naye anapata alichokitaka: kura yake kuhesabiwa, matokeo ya mpira au taarifa nyingine. Mfanyabiashara mdogo kwa kawaida haingii mikataba na kila kampuni ya simu. Anapitia kwa mtoa huduma ambaye tayari ana namba fupi na ameunganishwa na mitandao. Huyo ndiye anayepaswa kuchaguliwa kwa uangalifu.

Wateja ni wenyeji

Kizimkazi, Dimbani na Mkunguni, inajulikana kwa boti zinazopeleka wageni kutazama pomboo. Lakini mgeni anayeshuka na laini ya kwao kwa kawaida hawezi kuzifikia namba fupi za nchini, na nauli ya boti ni kubwa mno kukatwa kwenye salio la simu. Kwa biashara hiyo, malipo ya fedha taslimu, kadi au pochi za simu yanafaa zaidi.

Ujumbe wa kulipia unafaa kwa vitu vya shilingi mia chache vinavyonunuliwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Msimu wa Tamasha la Kizimkazi, linalofanyika mwezi Agosti, ni mfano mzuri. Mwenye studio, mgahawa au timu anaweza kuendesha kura ya msanii bora au kutuma matokeo ya michezo kwa wenyeji na wageni kutoka mjini na Bara.

Kwa sababu hiyo, swali la mitandao linakuja mapema. Zantel, iliyoanzishwa mwaka 1999, ilijenga wateja wengi visiwani, na pamoja na Tigo ilibadilishwa jina kuwa Yas mwaka 2024. Mtoa huduma wa Dar es Salaam ambaye namba yake haipokei ujumbe kutoka laini za 077 atamkosesha mfanyabiashara wa Unguja sehemu kubwa ya soko lake, hata kama bei yake ni nzuri.

Hesabu ya mgawo

Asilimia inayotajwa na mtoa huduma mara nyingi si ya bei anayolipa mteja. Ni ya kile kinachobaki baada ya kodi na sehemu ya kampuni ya simu.

Tuchukue hesabu ya mfano. Ujumbe unatozwa shilingi 300. Baada ya kodi na makato ya mtandao zinabaki shilingi 120. Mtoa huduma wa kwanza anatoa asilimia 60 ya kiasi hicho bila ada ya mwezi. Mfanyabiashara anapata shilingi 72 kwa kila ujumbe. Wa pili anatoa asilimia 70, yaani shilingi 84, lakini anadai ada ya shilingi 50,000 kila mwezi.

Kwa ujumbe 1,000, wa kwanza analeta shilingi 72,000 na wa pili shilingi 34,000 tu. Huyu wa pili hampiti mwenzake mpaka ujumbe ufike 4,167 kwa mwezi. Mwenye biashara ya msimu atalipa ada hiyo hata miezi ya masika, wakati hakuna ujumbe unaoingia.

Fedha huchelewa

Jambo la pili ni muda. Kampuni ya simu hufunga mwezi, hulinganisha hesabu na mtoa huduma, ndipo ilipe. Mtoa huduma naye ana siku zake. Fedha za Agosti zinaweza kufika wakati wa mvua za vuli, ilhali zawadi za washindi, vipaza sauti na mafuta ya jenereta vililipiwa Agosti ile ile. Asiye na mtaji wa kusubiri atakopa, na riba itakula mgawo wote.

Mkataba utaje siku za malipo kwa tarakimu, na umpe mfanyabiashara haki ya kuona idadi ya ujumbe kila siku badala ya kungoja taarifa ya mwisho wa mwezi.

Namba na jina

Jambo la tatu ni namba. Mara nyingi namba fupi ni ya mtoa huduma, na mfanyabiashara anakodi neno tu. Akihama, tangazo lililochorwa ukutani na kusomwa redioni linabaki likimtangazia mwingine. Iandikwe mapema nani anabaki na neno, na orodha ya namba za wateja itatumikaje.

Aidha, mtoa huduma awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Mawasiliano ni jambo la Muungano, hivyo mamlaka hiyo inahusika Zanzibar kama inavyohusika Bara.

Uzito wa jina ulionekana Uingereza mwaka 2007. Watazamaji wa kituo cha televisheni cha GMTV waliendelea kupiga simu za kulipia kushiriki mashindano ambayo washindi wake walikwisha kuteuliwa. Laini ziliendeshwa na kampuni ya Opera, iliyotozwa faini ya pauni 250,000. Lakini GMTV yenyewe ilitozwa pauni milioni 2. Kituo hakikuendesha mitambo, ila jina lililotangazwa lilikuwa lake.

Kijijini hakuna faini ya namna hiyo, lakini kuna adhabu ya sokoni. Kijana atakayekatwa shilingi 300 kila siku bila kujua namna ya kujiondoa hatamlaumu mtoa huduma aliyeko Dar es Salaam. Atamfuata mwenye mgahawa.

Kwa hiyo kabla ya kutia saini, mfanyabiashara anunue laini ya kila mtandao, atume ujumbe, atazame kilichokatwa, kisha atume neno la kujiondoa na angoje siku mbili. Salio likiendelea kupungua, mtoa huduma huyo hafai, hata mgawo wake ukiwa mkubwa.